Risasi ya Tatu Ililia Kidogo

Leo mke wangu, Mama Kulwa, amekataa kunipa risasi, na ndiyo maana bado nina uso.

Mnajua nyati wanavyotumalizia mtama hapa Samuye. Kibali cha Bwana Shauri wa wilaya ninacho, bunduki kubwa ninayo, ila risasi za dukani zimeadimika. Basi najaza maganda matupu mwenyewe. Baruti naipima kwa mzani wa kupimia dhahabu, niliouziwa na mchimbaji wa Geita.

Asubuhi tukaenda kuzijaribu. Debe tuliliweka ng'ambo ya bonde, hatua mia tatu. Mke wangu alikaa nyuma yangu, ananipa risasi moja moja.

Ya kwanza ikatoboa debe. Ya pili ikapita karibu na tundu lile lile. Nikajisifu kidogo, siwafichi.

Ya tatu ikalia "tik" tu.

Nikadhani nimekosa shabaha. Nikatoa ganda, nikanyoosha mkono nipewe nyingine.

Hakunipa.

"Baba Kulwa, hiyo imelia kama kifuniko cha sufuria. Imetoka kweli?"

"Imetoka. Lete."

"Sileti. Chungulia kwanza."

Nikachungulia mtutu kwa nyuma, kwa hasira tu. Giza. Risasi ilikuwa imekwama katikati. Ganda lile nililisahau bila baruti, fataki ya kitakoni peke yake ndiyo iliyoisukuma hadi hapo, na ningepiga ya nne, mtutu ungenipasukia usoni.

Nikakaa chini. 

Mchana huu nimezifungua zote, napima upya. Yeye anachungulia kila ganda kabla sijaliziba, na mimi nangoja aseme "haya".

Nyie mnaojaza wenyewe, nani huwachungulilia maganda?