Njia Iliyokula Jiko la Bibi

Alama ya X waliyoichora kwenye ukuta wa jiko la bibi ilikuwa mbaya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichoma kwanza, kabla sijaelewa maana yake. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, rangi nyekundu imechuruzika hadi kwenye msingi kama vile mchoraji alikuwa anakimbia mvua. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusimama stendi ya Makambako nikitazama maandishi ya ubavuni mwa malori yanayotoka Songea na Mbeya, kisha nikienda nyumbani kuyaiga kwa mkaa juu ya mabanzi. Herufi ikinikaa vibaya, silali. Kwa hiyo nilisimama mbele ya ile X, na wazo langu la kwanza, naona aibu kulisema, lilikuwa kwamba wangeniita mimi ningeichora ikanyooka.

La pili ndipo likafika. Wanabomoa jiko.

Kwa watu wa baridi kama sisi, jiko si mahali pa kuweka sufuria tu. La bibi lilikuwa chumba cha peke yake kando ya nyumba, cha tofali za kuchoma, moto katikati, vigoda vimeuzunguka. Bibi alikuwa akiamka anaingia humo, anatoka jioni. Ndimo alimonilea. Sebuleni tuna makochi yenye vitambaa vya kufuma ambayo hakuna anayeyakalia. Hata mchungaji akija, anainama mlangoni, anaingia jikoni, anapewa kigoda. Upepo wa Makambako ukianza kuvuma mwezi wa sita, ule unaoingia hadi kwenye meno, nyumba nzima inahamia humo.

Na kilicholiponza jiko hilo ni wema wa bibi mwenyewe. Hapo ndipo ninaposhikwa na uchungu kila nikijaribu kusimulia.

Aliolewa hapa akitokea Kitandililo, wakati mtaa huu wote ulikuwa mashamba ya mahindi na miti ya miwati. Nyumba zilikuwa chache, na maji yalichotwa bondeni, kwenye vinyungu, zile bustani tunazolima kiangazi. Njia ya mkato kwenda huko ilipita shambani kwake. Kwa Wabena wa rika lake, mwenye shamba lililo njiani mwa maji hangoji kuombwa. Anaacha kinjia, na kila masika anakwangua majani pembeni kwa jembe lake mwenyewe. Bibi akaenda mbali zaidi. Aliona wanawake wakipita alfajiri na ndoo kichwani, mahindi yamewafunga kote, wakitokea upande wa pili wamelowa umande hadi kiunoni. Msimu uliofuata hakupanda mstari wa mwisho wa mahindi. Njia ikapanuka kidogo. Bado walilowa. Mwaka mwingine akaacha mstari mwingine, na mwingine tena.

"Watu walowe kwa sababu ya mahindi yangu?" ndivyo anavyosema mpaka leo, kama vile swali lina jibu moja tu.

Barabara yetu ilizaliwa hivyo, kutoka kwenye mistari ya mahindi ambayo mwanamke mmoja hakuipanda. Kinjia kikapitisha baiskeli. Kikapitisha mkokoteni. Kwa kuwa mkokoteni unapita, mtu akajenga mashine ya kusaga. Kwa kuwa kuna mashine, Mkinga mmoja kutoka Makete akafungua duka lenye kila kitu, misumari hadi vitenge. Likafuata banda la mbao, saluni, duka la pembejeo, bodaboda kwenye kona, gesti nyuma ya nyumba yetu. Maji ya bomba yalipofika, hakuna aliyeshuka tena bondeni na ndoo. Sababu ya njia ikafa, njia yenyewe ikazidi kunenepa.

Nami nilishangilia. Mabango ya mtaa huo karibu yote ni mkono wangu. Nilikuwa nikipita jioni naangalia "Mbao Kavu Zipo" na "Tunasaga na Kukoboa", najiambia mtaa unakua na mimi nakua nao. Sikujua kwamba unakua kuelekea kwetu.

Mwaka jana wapimaji wakaja na fito zao. Wakasema barabara ya mtaa ni ya upana fulani, na jiko limesimama ndani yake, wakalichora ile X. Nyumba ilipona kwa hatua chache. Mkutano wa mtaa ukaitishwa kwenye uwanja wa mashine. Mimi nilikuwa nimeandaa la kusema. Nilikuwa nimelisema mbele ya ukuta mara nyingi, nikibadilisha neno hapa na pale, mpaka likawa limenyooka.

Mwenye gesti ndiye aliyesimama kwanza. Huyu bwana nimeambiwa utotoni alikuwa akipita shambani kwetu na kidumu chake, na bibi alikuwa akimpa hindi la kuchoma apashe mikono.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "njia hii nimeipita tangu nikiwa na kaptula iliyotoboka. Ni ya wananchi."

"Kaptula au njia?" mama mmoja akadakia, watu wakacheka.

"Vyote!" akajibu, wakacheka zaidi. Wengine wakanyanyuka kushuhudia. Wote walikuwa wamepita. Wote walikuwa hawajawahi kuzuiwa. Wale wale ambao bibi aliwahurumia kwa umande wakawa mashahidi dhidi yake.

Mtendaji wa mtaa akamgeukia bibi, kwa adabu kabisa. "Shikamoo mama. Hebu tusaidie. Uliwahi kumkataza mtu kupita?"

"Marahaba. Nimkataze kwa nini?"

"Nani alikuwa anaisafisha hiyo njia?"

"Mimi."

"Tangu zamani?"

"Tangu nimeolewa."

"Mmesikia wenyewe," mtendaji akawaambia watu. "Mama mwenyewe anakubali kwamba barabara ilikuwepo." Kwa hiyo hakuna fidia. Hulipwi kwa kitu kilichokuwa cha umma.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nilisimama. Nikatafuta neno langu la kwanza nikaona halifai, nikatafuta jingine zuri zaidi, na nilipolipata mwenyekiti alikuwa amefika kwenye ajenda ya taka. Dereva wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akanivuta sketi. "Dada, kaa basi, unatuziba." Nilikaa. Ningekuwa mtu wa kusema hovyo, mtu wa kupiga kelele tu, huenda jiko lingekuwa limesimama.

Walituruhusu kubomoa wenyewe. Nililitoa tofali moja moja, nikifuta kila moja kwa brashi, kwa sababu sikutaka greda iliguse. Akina mama wa kwaya wakaja kubeba. Walikuwa wamevaa magwanda ya shambani na walifanya kazi kweli, lakini wawili wao walishuhudia mkutanoni, na waliponisalimia kwa Kibena, "Kamwene, pole na kazi", niliitikia huku nimeuma meno. Bibi aliwapikia chai nje, kwenye upepo, moto ukimkimbia huku na huku.

Jiko jipya nililijenga nyuma, kwenye kipande kilichobaki karibu na gesti. Nilipima kila mstari kwa uzi na pima maji, na ukuta wa kwanza niliubomoa nikaanza upya.

"Unajenga jiko au kanisa?" bibi akauliza.

"Nataka linyooke."

"Moshi haujali."

Mwenyekiti naye akapita siku hizo na habari aliyodhani ni njema. Kamati imekaa, imeona barabara iitwe kwa jina la bibi, na bango nitaandika mimi. Bibi alikuwa anapepeta. Hakunyanyua uso. "Jina langu litapika ugali?" akamuuliza. Mimi nilikataa kazi hiyo. Akaandika fundi mwingine. Lipo pale kona, herufi zimeegemeana kama watu waliotoka kilabuni kunywa ulanzi. Kila nikipita naangalia upande wa pili, na kila mara naangalia tena.

Haya yote ningeyameza. Lakini jiko lilipoanza kutoa moshi, mwenye gesti akaja. Akakaa kwenye kigoda, akanywa chai, akasifu ukuta. Halafu akasema wageni wake wanazunguka mbali kufika barabarani na mabegi yao, anaomba wapite hapa kando ya jiko. "Kinjia tu, mama. Cha mguu."

Nilimtazama nikitegemea kuona aibu usoni mwake. Hakuwa nayo. Aliomba kama mtu anayeomba chumvi.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "niletee jembe."

Sikuleta. Nilisema, na safari hii maneno yalitoka bila kupangwa, kwamba huyu ndiye aliyesimama wa kwanza, kwamba atapita, atapitisha mkokoteni, halafu watakuja na rangi nyekundu. Mwenye gesti akacheka kidogo. "Dada fundi ana hasira." Bibi akaniambia ninamwaibisha mbele ya mgeni.

Nililificha jembe chini ya kitanda changu, nyuma ya makopo ya rangi. Bibi hakuliulizia. Asubuhi moja nikakuta majani kando ya jiko yamelazwa pembeni, safi, mstari mwembamba kutoka gesti hadi barabarani. Alikuwa ameyakata kwa kisu cha kumenyea viazi, amepiga magoti, na mgongo wake ule wa kizee. Nilimkuta akipasha vidole motoni. Nilikasirika hadi nikalia, na sikujua nimemkasirikia nani.

Nikalitoa jembe, nikamrudishia. Kisha nikachukua ubao mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nikaupiga rangi nyeupe, nikaandika: HAPA NI KWA BIBI. SI BARABARA. UNAPITA KWA HISANI YAKE. Niliufuta na kuuandika upya mpaka nikaridhika, na bado S ya kwanza inanisumbua. Nikausimika mwanzoni mwa kinjia, nikaumwagia zege.

Bibi akaja na miwani yake ya kusomea Biblia, akausoma polepole.

"Maneno yote haya ya nini? Ungeandika Karibu."

"Karibu ndiyo iliyokula jiko lako, bibi."

Bibi akashika jembe. Alianza kukwangua majani kuzunguka nguzo yangu.

Sasa ni masika. Wageni wa gesti wanapita na mabegi yao, tope linaruka linafunika mstari wa chini, ule wa hisani. Kila asubuhi natoka na kitambaa na maji ya moto naufuta. Wananisalimia wakipita. Siwaitikii mpaka nimalize herufi ya mwisho, na wakinisubiri, nawaambia wasome kwanza.