Jemedari Hamwachii Mtu Jina

Jemedari, binti wa fundi viatu, mjukuu wa mwanamke aliyechimba kisima huku wanaume wamekaa wakipiga soga: huyo ni mtoto wa kaka yangu.

Kaka yangu namjua, maneno mengi, kazi kiduchu. Mkewe hajajifungua, yeye keshawatangazia wenzake kwamba Jemedari yuko njiani. Akazaliwa msichana. Kwa kuogopa kuchekwa, akampachika jina lile lile la kiume, kisha akamnunia miaka na miaka, kana kwamba mtoto ndiye aliyemdanganya.

Mtoto akakua, akawa fundi wa kuchomelea mageti. Leo mtu akitaka geti la maana anaambiwa, nenda kwa Jemedari. Hapo ndipo baba yake alipoijua njia ya karakana. Juzi alikuja na kitinda mimba wake, jitu zima linalofuliwa nguo na mama.

“Mwanangu,” akasema, “hilo jina ni la kiume. Mwachie mdogo wako, anataka kufungua karakana yake. Wateja wanalijua.”

Nilikuwa nimekaa pale. Nilicheka hadi nikapaliwa.

“Baba, wateja wanaijua kazi yangu,” Jemedari akajibu. “Jina ulinipa mwenyewe, tena kwa kinyongo. Simwachii mtu.”

Kisha akamgeukia mdogo wake. “Wewe, kama kweli unataka ufundi, chukua msasa huo. Sugua kutu kwenye geti lile, na pembeni usiruke. Ukimaliza, niite nikague.”