Maua ya Harusi Yaliyodondokea Tanzia

Kumekucha. Watoto wameshakwenda shule, vikombe vya chai bado vina joto, na Mama Pacha anakilaza kichwa cha cherehani ndani ya meza yake. Anarudisha kifuniko, anapangusa vipande vya nyuzi, kisha juu yake anaweka kompyuta.

Meza ni hiyo moja. Jioni mama yake mzazi huitumia kushona nguo, asubuhi yeye huitumia kutengeneza tovuti za watu. Pedali imebaki chini, na kila anapofikiri sana mguu wake unaikanyaga bila yeye kujua.

“Ukisikia pedali inalia, jua kuna ukurasa umegoma,” anasema mama yake kutoka jikoni. Kisha anamtegea mwandishi wa makala haya kitendawili: “Mwanangu kajenga nyumba isiyo na mlango, na wageni wameingia!”

Jibu ni tovuti. Mama huyo hakungoja mtu ajaribu. Alilitoa mwenyewe, akacheka.

Mama Pacha hajengi kuanzia chini. Anatumia kiunzi, yaani mifupa iliyokwisha kuundwa na mafundi wengine, naye kazi yake ni kuitia nyama. Ukurasa ukizaliwa huwa mtupu kama mtoto: maandishi meusi, weupe pande zote. Ndipo anauongezea faili la mitindo linalosema rangi iwe ipi na picha ikae wapi, na faili la skripti linalofanya vitu viruke, vifunguke na kulia.

“Mitindo ni nguo, skripti ni kiuno,” anaeleza. “Mtu anaweza kuvaa vizuri akakaa kimya. Ukimpa na kiuno, hukai naye tena.”

Ndani ya kiunzi kuna kitu anachokiita ukurasa mama. Faili ukilitundika hapo, kurasa zote zilizo chini yake zinalirithi. Haya, tega sikio: mama kajipaka rangi ya kucha, wanawe wote wakatoka na kucha nyekundu. Ukikitegua hicho, umeshajua kilichomfika Mama Pacha mwezi uliopita.

Mteja wake mkubwa ni Mama Viti, mwanamke wa sauti pana anayekodisha viti, mahema na vyombo. Harusi ni zake, misiba ni yake. Katika ukurasa wa harusi aliagiza maua mekundu yawe yanadondoka kutoka juu, neno HONGERA lirukeruke, na mtu akigusa tu, ngoma ilie. Ukurasa wa msiba aliutaka wa heshima, mahali ambapo familia inaweka tanzia, saa za mazishi na njia ya kufika.

Siku ile Mama Pacha alikuwa na haraka ya kuwafuata watoto. Maua na ngoma akavitundika kwenye ukurasa mama, akafunga kompyuta.

“Nilisema nitavihamisha kesho,” anakumbuka. “Kesho ikaniwahi.”

Asubuhi yake Mama Viti aliingia bila hodi, simu mkononi kaishika mbali kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

“Wewe binti! Nimekukosea nini?”

“Shikamoo, mama. Kuna nini?”

“Shikamoo yako iweke hapo. Nipe kiti kwanza, nisije nikaanguka, mimi na viti vyangu vyote nyumbani.”

Mzee mmoja, fundi saa mstaafu, alikuwa amefiwa na mkewe, na familia ilikuwa imeweka tanzia. Juu ya picha ya marehemu maua mekundu yalikuwa yakimiminika. HONGERA lilikuwa likirukaruka penye jina lake. Na kila ndugu aliyegusa kutafuta njia ya makaburini alipigiwa ngoma. Mkwe wa familia ndiye aliyempigia Mama Viti, na maneno aliyoyasema hayaandikiki gazetini.

“Mazishi ni saa nane,” alisema Mama Viti. “Ukoo mzima utaifungua hii kabla ya hapo. Ikikutwa bado inacheza, mimi na wewe basi. Na wale wenzangu wa chama cha wakodishaji niliowaambia wakuletee kazi, nitawaambia wakimbie.”

Kwa Mama Pacha hilo halikuwa tishio la kuchekea. Mwezi wenye tovuti moja huwa umelipa kodi ya nyumba. Mwezi usio na tovuti, cherehani la mama ndilo linalolisha watu wote. Kazi za chama zingemtoa hapo.

Pedali ikaanza kulia. Kwa haraka alifungua faili la skripti na lile la mitindo, akaandika ndani yake: penye msiba, tulia. Akatazama kwenye kompyuta yake. Kimya kabisa.

“Tayari, mama.”

Mama Viti akafungua simu. Maua. HONGERA. Akagusa, ngoma ikajaa chumba.

“Tayari gani hii?”

“Simu yako imetunza mafaili ya jana. Kwa kuwa majina hayajabadilika, haijaona sababu ya kwenda kuchukua mapya.”

“Simu yangu isisingiziwe! Simu hii mpya!”

“Hata simu za wafiwa zimefanya hivyo hivyo, mama.”

“Usinizidishie presha!”

Hapo akajua njia ya mkato imemla. “Nilikuwa namkataza mcheza ngoma asicheze msibani,” anasema, “badala ya kumtoa nje.” Akarudi kwenye ukurasa mama, akayang’oa mafaili yote mawili, akayatundika kwenye ukurasa wa harusi peke yake. Simu hutunza mafaili, lakini ukurasa wenyewe huuchukua upya kila unapofunguliwa, na sasa tanzia haikuwa na habari nayo hata kidogo. Mama Viti akafungua, akagusa huku kafumba jicho moja. Kimya. Akagusa tena, na tena.

Kabla hajashusha pumzi, simu ikalia. Alikuwa mgane mwenyewe. Mama Viti akasimama wima kana kwamba mzee anamwona.

“Mzee wangu, pole sana, tumekukosea, tusamehe…”

“Nani kaondoa maua?”

Mama Viti akamkodolea macho Mama Pacha.

“Mke wangu alinidai maua tangu tulipooana,” mzee akaendelea. “Kila mwaka namwambia mwakani. Leo nimefungua simu nakuta yanamdondokea, nikasema, loo, kuna mtu kanilipia. Ngoma toeni. Na hiyo Hongera toeni, mkwe wangu ataugua. Lakini maua yake mrudishieni.”

Mama Viti akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia fundi. “Yarudishe! Umekaa tu! Kwanza nani alikwambia uyaondoe?”

Mama Pacha alitengeneza faili jingine la mitindo, likatundikwa kwenye tanzia ile moja tu. Skripti hakuigusa. Maua yakawa meupe, yametulia kuizunguka picha, hakuna kinachoruka wala kulia. Walioufungua ukurasa saa za mazishi walimkuta marehemu katikati ya maua, na mkwe, anasema Mama Viti, aliuliza kwa upole ni nani fundi wao.

Wanachama watatu wa chama wameshaleta kazi. Mama Pacha sasa anatafuta chumba kinachotazama barabara, awafundishe kazi hii akina mama wengine wa mtaani.

“Kompyuta nitazipata moja moja,” anasema. “Ninachohofia ni pa kuwakalisha watu.”

Mama Viti, aliyekuwa amekuja kuuliza rangi ya ukurasa wake mpya, akadakia kutoka mlangoni: “Viti vyangu vina kazi gani? Vichukue bure. Ila Ijumaa viwe vimerudi. Jumamosi nina harusi.”