Pinki ya Muuza Nyama

Muuza nyama wa pale kona, waliyembandika jina la Mfupa kwa sababu hakuwahi kupima nyama bila kuchomeka mfupa, hakuwa mtu wa rangi. Aproni nyeupe, kuta nyeupe, basi. Mkewe alipotaka chumba chao cha kulala kipakwe pinki, alimjibu, "Sisi ni watu wazima, mama watoto." Mkewe hakubishana. Alifunga virago akaenda kwa dada yake, akaacha neno moja: akiitwa arudi, aitwe kwenye chumba cha pinki.

Mfupa alijikaza kisabuni. Chai ya kujipikia ikamshinda. Akamwita fundi rangi.

"Pinki ipi, bosi? Kuna ya mtoto, ya harusi, ya ufizi..."

"Ya kawaida."

"Ya kawaida haipo. Niletee mfano."

Mfupa aliijua pinki moja tu duniani. Akaenda buchani, akarudi na kipande cha nyama ya ndama kwenye sahani. Fundi akaitazama nyama, akamtazama mwenye nyama, akafungua makopo. Mfupa akarudi kazini.

Ukuta wa kwanza ulitoka sawasawa na ndama. Lakini fundi alikuwa akichanganya rangi upya kwa kila ukuta, na kila mara akilinganisha na sahani. Nayo nyama haikai ilivyo. Ukuta wa pili ukakolea. Wa tatu ukawa kama ulimi wa ng'ombe. Wa nne, jioni, ulikuwa wa kahawia, na inzi wawili wamenasa.

"Fundi, ndiyo nini hii?" Mfupa akauliza aliporudi kutoka buchani.

"Mimi nimefuata sahani, bosi."

Mkewe alikuwa ameshaitwa. Akaingia na dada yake, aliyekuja kushuhudia.

"Shemeji," dada mtu akashika kiuno, "hiki ni chumba au bucha?"

 Mfupa angeweza kusema ndio mtindo wa siku hizi. "Nilimpa fundi nyama ya ndama," akasema. "Ndiyo pinki ninayoijua. Asubuhi ilikuwa nzuri."

Mkewe akazunguka chumba polepole.

"Ukuta wa asubuhi ni upi?"

Mfupa akauonyesha. Mkewe akausogelea, kisha akavua viatu.

"Dada, shika huku tugeuze kitanda kiutazame ukuta huu. Na wewe baba watoto, ile kahawia izibe kwa kabati."

Kabati lilikuwa zito. Mfupa alilisukuma peke yake, wala hakuomba msaada.