Biskuti Zilizolala na Sabuni

Mwenye duka la jumla alirudisha katoni nzima ya biskuti asubuhi, akisema zinanuka sabuni, na zikinuka tena atatafuta ghala lingine. Huyo ndiye mteja mkubwa wa ghala kuliko wote. Lori lilikuwa tayari mlangoni, limeshapakia shehena yake nyingine ya biskuti hizo hizo.

Msimamizi wa ghala, ambaye wapakiaji walimwita Mama Katoni, alifungua pakiti, akanusa. Hakusikia kitu. Akamwita mwendesha foklifti.

"Hizi zinanuka nini?"

"Zinanuka biskuti, Mama."

Pakiti ikazungushwa kwa wapakiaji. Kila mmoja alinusa kwa utulivu wa daktari, akatafuna, akasema bado hana uhakika, akaomba nyingine.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Mama Katoni. Paa lilipovuja, yeye mwenyewe aliamuru biskuti zihamishiwe kando ya sabuni ya unga, na zimelala hapo wiki nzima. Na humu ndani hakuna aliyebaki na pua ya maana. Sabuni ilishazimaliza zote. Alijaribu kukumbuka sabuni ya unga inanukaje, akashindwa, na hilo likamshangaza kuliko biskuti.

Ikatakiwa pua ya nje. Dereva wa lori alikuwa na mafua. Basi akampigia simu wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa mtaa wa nyuma, mwanamke ambaye hajawahi kuingia jikoni mwa mtu bila kuuliza kimeungua nini.

Wifi alifika mbio. Maishani mwake hakuwahi kuombwa akosoe. Siku zote alijitolea. Akauma biskuti, akasita.

"Wifi, hii ni ya kula au ya kufulia?"

"Una hakika?"

"Nipe maji uone nitakavyotoa povu."

Mama Katoni akamwambia dereva azime injini, shehena inashushwa. Kisha akampigia meneja, akamweleza na aliyetoa amri ile ni nani. Meneja alimfokea mpaka simu ikapata moto.

"Kazi bado unayo?" wifi aliuliza.

"Ninayo. Ila biskuti zote nizihamishe leo, kwa mikono yangu." Akamsogelea. "Hebu niambie ukweli. Na mimi nanukaje?"

Wifi akamnusa shingoni, bila haraka.

"Shuka lililoanuliwa sasa hivi. Kaka yangu anakusifia hivyo kila siku."

"Mbona mimi hajaniambia?"

"Anadhani unajua."