Kutafuta Kasia la Mkono Uliovunjika

Nilikwenda Thika kwa sababu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Mwiki, upande wa Ruiru, na mwaka jana niliteleza kwenye ngazi zenye maji nikakivunja. Mfupa uliunga. Lakini kila niliporudi kwenye bwawa la karibu na kwetu na kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, mkono ulivimba na kesho yake sikuweza kusuka. Mume wangu, Kariuki, hakunificha.

"Wanjiru, hiyo mkono ndiyo shamba letu. Ikikataa, wachana na mambo ya maji."

Nilimwomba safari moja tu, kwa mtu anayejua makasia, nijue kama tatizo ni mkono au ni kasia.

Asubuhi niliondoka Ruiru kwa gari la Thika, nimelaza kasia langu miguuni pa abiria waliojiuliza kama ni mwiko wa ugali wa harusi. Baada ya Juja majengo yalianza kuachana. Kutoka mjini Thika nilichukua boda hadi kwenye shamba la kahawa, na katikati ya mibuni nikaliona bwawa, maji yake ya rangi ya chai ya rangi.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Simran, Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye hupiga kasia tangu usichana wake. Alipima kwa kiganja bapa la kasia langu, ile sehemu pana inayoingia majini.

"Nani alikuchagulia hii?"

"Mimi mwenyewe. Bapa kubwa, nguvu nyingi."

"Haiya! Maji mengi pia, mami. Kila ukivuta unabeba ndoo."

Kisha akanipa ufagio nifagie baraza la banda lake la kayaki, ukingoni mwa bwawa. Nilicheka, lakini nilifagia. Alikuwa akitazama mikono yangu ilipo: chini, karibu na kiuno.

"Wewe mikono yako haipandi juu. Unataka mpini mrefu kidogo na bapa nyembamba."

Akanitolea kasia kama hilo, jeusi, jepesi mno. Mabapa yake mawili hayakutazama upande mmoja. Moja lilikuwa limegeuzwa ubavu. Nikamuuliza kwa nini.

"Ndiyo lile la juu likate upepo. Jaribu kwanza."

Alinikopesha kayaki, na mwendo ulikuwa mtamu. Niliingia katikati ya bwawa nikidhani nimepata jibu. Hapo upepo ukainuka kutoka upande wa Thika, mawimbi madogo yakaanza kupiga ubavuni, nikaongeza nguvu. Kifundo kikachoma. Vidole vikalegea, kasia likaniponyoka nikalidaka kwa mkono wa kushoto. Kayaki ikaanza kugeuka pole pole kuelekea kwenye matete. Machozi yalinijia. Niliona saluni imefungwa.

Mama Simran alikuja na kayaki yake, akashika ukingo wa yangu.

"Wapi inauma? Ukivuta kulia ama kushoto?"

Nikafikiri. "Nikivuta kushoto. Lazima nikunje huu wa kulia ndiyo bapa liingie maji sawa."

"Sasa umenijibu. Ona hapa." Katikati ya mpini kulikuwa na kitufe ambacho sikuwa nimekiona. Alikibonyeza, akazungusha, na mabapa yakatazama upande mmoja. "Upepo utakusumbua kidogo. Lakini mkono hautajikunja tena."

"Nipige kasia hadi bandani?"

"Pole pole. Mimi niko nyuma."

Upepo ulinisumbua kweli. Kila bapa lililoinuka lilisukumwa kama mlango. Lakini kifundo kilikaa kimenyooka, na maumivu, badala ya kupanda, yalitulia. Tulipofika ukingoni nililizunguka bwawa tena, bila kuambiwa.

Alasiri, Mama Simran alikataa katakata niondoke bila chai na bhajia, kisha akakubali tubadilishane: langu pana libaki kwake kwa wenye mabega mapana, lile jeusi niende nalo.

Nilirudi Ruiru jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimedhani kasia huchaguliwa kwa kutazama bwawa na ukubwa wa bapa. Kumbe uchaguzi huanza na mwili wa anayelishika, hata pale ulipovunjika.

Kesho yake mteja wa kwanza alitaka rasta ndefu, nyembamba. Kariuki alipita saluni saa za chakula, akasimama mlangoni akitazama vidole vyangu.

"Bado unasuka?"

"Nimefika nusu ya kichwa," nikamwambia, "na Jumapili tunaenda bwawani sote wawili."