Blanketi Lililolala Miaka Minne

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Homa Bay, nilipewa kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. Bosi wangu, Afisa wa Maendeleo ya Jamii, aliniambia nikikalie polepole. Akasoma barua yangu, akaniangalia. "Boke, wewe umesomea ushonaji. Unajua kushona, ama unajua kufundisha?" Nikamjibu najua yote mawili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa msichana wa Kehancha aliyetoka chuoni juzi, na haya sikuwa nayo. "Basi tutaona," akasema, akanituma kisiwani Rusinga.

Nyinyi mnaonunua kila kitu kikiwa kimeshonwa hamjui kazi ya mkufunzi wa kazi za mikono. Tulizunguka kwa vikundi vya akina mama, tukawafundisha kukata, kushona na kuuza. Kikundi changu cha Rusinga kilikuwa na cherehani nne walizoazimwa na ofisi, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Ouma, mama mkubwa mwenye sauti ya chini ambaye akikohoa tu watu wananyamaza. Nikawaambia tutashona blanketi la viraka tulipeleke kwenye maonyesho ya kilimo. Walileta mabaki ya vitenge, leso zilizochujuka, hata sketi ya shule.

Blanketi la namna hiyo lina tabaka tatu. Juu ni uso, yaani viraka vilivyounganishwa. Katikati ni pamba, na wakati huo pamba ilikuwa bado inalimwa kwetu. Chini ni bitana. Ukishapanga tabaka zako unapiga bandi, mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, ndipo unashona kwa mkono kupitia zote tatu. Na lazima uanzie katikati ukienda nje, la sivyo kitambaa kitajikunja na pamba itarundikana upande mmoja. Mshono wa katikati ndio kila mtu atauona kwanza, kwa hivyo nilitafuta mkono ulionyooka kuliko yote. Ulikuwa wa Akinyi, mke mwenza wa Mama Ouma, aliyeolewa nyuma yake. Nikampa sindano. Alisita kidogo, akamtazama Mama Ouma, halafu akaichukua. Akashona mstari wa urefu wa kiganja, umenyooka kabisa. Niliona kimya chumbani, nikadhani wanastaajabia.

Wiki iliyofuata nikahamishwa kwenda Migori.

Migori nilifanya kazi chini ya Msimamizi wa Mafunzo, mama aliyetembea na rula kwenye mkoba na kupima mishono yako mbele ya wanafunzi wako. Nilimwogopa na nilimpenda. Siku moja nilimletea gauni lililoharibika nikiwa na maelezo marefu. Akanikatiza. "Usiniambie limeharibika vipi. Lilianza vipi?" Swali hilo lilinikaa kichwani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchunguza tangu utotoni, nilizidi kuwa msumbufu.

Baada ya miaka minne nikarudishwa Homa Bay. Afisa alikuwa mwingine sasa, mtu wa haraka aliyezungumza akiwa amesimama. "Hicho kikundi chako cha Rusinga hakijaleta kitu kwa maonyesho tangu uende. Hiyo blanketi ikikosa kuwa kwa meza mwezi wa nane, cherehani zote nne zinaenda kwa kikundi cha Rodi Kopany." Nikauliza limekwama kwa nini. "Hiyo ni kazi yako kujua."

Nilikuta blanketi ndani ya sanduku la bati, panya ametoboa kona. Katikati kulikuwa na ule mstari wa Akinyi tu, hata mshono mmoja haukuongezwa. Cherehani zilikuwa safi na walikuwa wanashona sare za shule, lakini blanketi hakuna aliyeligusa. Niliuliza kila mtu. Huyu alikuwa shamba, yule alikuwa na mtoto mgonjwa. Na Mama Ouma je? Haji tena, wakasema. Akinyi alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango. Ndiye aliyenifuata nje.

"Madam, mbegu ikifika kwa boma, nani hupanda kwanza?"

"Mke mkubwa," nikasema. "Yule mnayemwita mikayi."

"Akiwa hajapanda?"

"Wengine wanangoja."

"Na wewe sindano ulimpa nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu baba alikuwa na mke mmoja, mambo ya nani atangulie niliyasikia tu. Sasa nikaelewa kwamba kosa lilikuwa langu, mimi nikaenda zangu Migori, na aliyelaumiwa ni Akinyi. Walisema amemruka mkubwa wake. Miaka minne alikuwa akikaa hapo mlangoni.

Nilikwenda kwa Mama Ouma siku hiyo hiyo, blanketi kwapani. Alikuwa barazani anachambua mboga. Nikamwomba msamaha bila kuzunguka.

"Pole yako imechelewa njiani," akasema. "Sasa fumua."

Nikafumua mstari wa Akinyi pale pale, uzi baada ya uzi. Iliniuma, kwa sababu sijawahi kuona mshono mzuri kama ule. Nilipomaliza, Mama Ouma alipitisha vidole pale katikati, taratibu, kama anayepapasa unga kujua kama umelainika. "Nitakuja Jumatatu. Lakini kikapu changu atabeba Akinyi, si mtu mwingine."

Nilijiuliza njia nzima. Mtu aliyekuruka, kwa nini umtake yeye akubebee kikapu?

Jumatatu wote walikuja. Mama Ouma alikaa katikati, Akinyi pembeni yake, akafungua kikapu. Ndani kulikuwa na kibunda cha kitambaa kilichochomwa sindano nyingi, zote zimeshatungwa uzi na kupigwa fundo. Mama Ouma akanyoosha mkono bila kuangalia, akachukua moja. Akaanza. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya bitana unaitafuta ncha ya sindano, wa kulia unasukuma. Mstari ukaenda kulia, ukarudi, ukapanda juu. Nikafungua mdomo nimrekebishe, ndiyo kazi yangu. Akinyi akanitazama. Nikaufunga.

Jioni nilimvuta kando. "Haoni tangu lini?"

"Kabla hujaenda Migori. Karibu, haoni. Mbali, anaona kidogo."

"Ndiyo maana ulichukua sindano siku ile?"

"Ungempa yeye, angefanya nini mbele ya watu?"

"Na umekubali wakuseme miaka yote hii?"

"Madam, wangeniacha mimi, wangemsema yeye."

Kikundi kiliendelea kutoka pale katikati kwenda nje, mkubwa akifuatwa na mdogo, na mwezi wa nane blanketi lilikuwa mezani. Afisa aliliona, akaandika kitu kwenye daftari lake, na habari za Rodi Kopany zikaisha. Nilikuwa nimeshaanza kupumua jaji wa maonyesho alipofika. Alivua miwani, akaivaa tena, akaweka kidole katikati.

"Kazi nzuri. Lakini hapa, hii imepinda sana. Ni nani alishona hapa?"

"Ni mimi," Akinyi akasema kabla mtu hajameza mate.

Mama Ouma alikohoa. Tukanyamaza sote, hata jaji. "Huyo anakudanganya," akasema. "Huo mkono ni wangu. Macho yangu yalikwisha zamani, na huyu ndiye amekuwa akinificha. Mishono yake ni hiyo iliyonyooka." Halafu akapapasa benchi pembeni yake, mahali anapokaa makamu wa mwenyekiti. "Akinyi, kuja ukae hapa."

Hatukupata tuzo. Nililia hadharani, nikiwa nimevaa beji ya ofisi, wala sioni aibu kulisema.

Nilistaafu baada ya vituo vingi. Nimejaza fomu nyingi za vikundi, zenye nafasi ya idadi ya wanachama, ya mashine, ya nguo zilizouzwa. Katika zote sikuwahi kumuuliza mwanafunzi wangu hata mmoja kama anaona. Siku hizi tundu la sindano limenikimbia mimi pia. Nikitaka kushona, namwita yeyote aliye karibu anitungie uzi, na namwita kwa sauti, watu wasikie.